Mbona wasichana tu? Swali la wazazi vijijini linalosubiri jibu

Kila chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi inapotangazwa kijijini, swali la kwanza huwa lilelile: mbona wasichana tu? Baba huliuliza kwenye mkutano wa hadhara, mama huliuliza akiwa kwenye foleni ya kliniki na mtoto mgongoni, na wasichana wenyewe huulizana chinichini pale majina yao yanapoitwa huku wavulana wakiachwa darasani. Mtaalamu aliyefika na gari la halmashauri, akilichukulia swali hilo kuwa ni ujinga wa watu wa shamba, ameshaharibu kazi kabla boksi la chanjo halijafunguliwa.

Swali hilo lina akili. Mzazi wa Kitanzania hana ugomvi na chanjo. Karibu kila mtu mzima nchini ana kovu dogo mkononi la chanjo ya kifua kikuu, na mama wa kijijini hutembea saa nzima kwenda zahanati ili mtoto wake asikose sindano ya surua. Lakini chanjo hizo alizozizoea hutolewa kwa mtoto yeyote, wa kike na wa kiume, tena akiwa bado mchanga na kadi yake ya kliniki iko mkononi mwa mama. Sasa inakuja chanjo inayotolewa shuleni, mama hayupo, kwa binti anayekaribia kuvunja ungo, na jina la chanjo lina neno kizazi ndani yake. Mzazi asiyeshtuka hata kidogo ndiye wa kushangaza.

Jibu lipo, na halina cha kuficha. Saratani hii husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, jambo lililothibitishwa na Mjerumani Harald zur Hausen, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kazi hiyo. Kirusi kina aina zaidi ya 100, ila aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazobeba takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Wanaume nao hukipata na hukiambukiza, na baadhi yao hupata saratani za koo, za njia ya haja kubwa na za uume kwa sababu yake. Ndiyo maana Marekani, Australia na Uingereza huchanja wavulana pia. Huku kwetu imeanzwa na wasichana kwa sababu mlango wa kizazi ndio unaoshambuliwa zaidi kuliko kiungo kingine chochote, na kwa sababu dozi zilikuwa chache na fedha hazikutosha. Wasichana wakichanjwa kwa wingi, kirusi kinakosa njia ya kupita, na wavulana nao wanapata nafuu.

Yaani jibu ni bajeti. Mkulima anayeamua msimu huu anunue mbolea au alipe ada hahitaji semina ya siku tatu kulielewa hilo. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia waziwazi.

Na ugonjwa wenyewe si wa kubahatisha. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya mwaka 2020, Tanzania hupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na wanawake zaidi ya 6,500 hufariki. Hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi hivyo nchini. Wengi wao hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa, na kwa miaka mingi tiba ya mionzi ilipatikana Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake, kabla Bugando ya Mwanza haijaanza kuitoa. Mwanamke wa Sumbawanga anayepelekwa Ocean Road husafiri zaidi ya kilomita 1,000. Nauli hiyo ni mbuzi wangapi, kila nyumba inajua hesabu yake. Na kwa kuwa wanaokwenda huko wameshachelewa, kijiji huwaona wakiondoka na hakiwaoni wakirudi. Kutokana na hayo watu wamejifunza kwamba saratani haina dawa, na kwamba hospitali ya mjini ni mahali pa kufia.

Mwanza ilitangulia

Wengi hawajui kwamba kabla chanjo hii haijawa ya kitaifa, ilijaribiwa kwa makini Kanda ya Ziwa. Mwaka 2010 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, wakishirikiana na wenzao wa London, walianza kuitoa katika shule za msingi 134 za jiji la Mwanza na Wilaya ya Misungwi. Wakati huo ilikuwa dozi tatu. Nusu ya shule zilichanja wasichana wote wa darasa la sita. Nusu nyingine zilichanja kwa umri, waliozaliwa mwaka 1998.

Matokeo yake yangestahili kubandikwa katika ofisi ya kila mganga mkuu wa wilaya. Shule zilizochanja kwa darasa zilifanya vizuri zaidi: dozi ya kwanza iliwafikia asilimia 86.4 ya wasichana, dhidi ya asilimia 82 kwenye shule zilizochanja kwa umri. Kufikia dozi ya tatu pengo lilikuwa limepanuka, asilimia 78.7 kwa 72.1. Si vigumu kuona sababu. Kijijini tarehe ya kuzaliwa mara nyingi ni ya kukisia, cheti hakuna, na msichana mmoja akichaguliwa huku jirani yake wa dawati akiachwa, nyumbani lazima paulizwe: kwa nini huyu na si yule? Darasa zima likisimama pamoja, hakuna aliyeteuliwa.

Lakini takwimu inayonigusa zaidi katika utafiti ule ni nyingine. Wasichana waliokosa chanjo kwa sababu wazazi walikataa walikuwa asilimia 6.7. Waliokosa kwa sababu hawakuwepo shuleni siku ile walikuwa asilimia 6.3. Hesabu hizo mbili zinakaribia kulingana. Kila tukikaa kwenye warsha tunazungumza uvumi, uvumi, uvumi. Kumbe kwa kila msichana aliyezuiwa na hofu ya baba yake, kulikuwa na mwingine aliyekuwa anachunga, analea mdogo wake mgonjwa, au amebaki nyumbani kwa siku zake kwa kukosa taulo. Huyo wa pili hana msimamo wowote kuhusu chanjo. Hakuambiwa, au aliambiwa siku ambayo hakuweza kuja.

Baada ya Mwanza, Kilimanjaro ilifanya majaribio ya utoaji kuanzia mwaka 2014, na Aprili 2018 chanjo ikawa ya nchi nzima. Ila dozi duniani zilikuwa haba, kwa hiyo serikali ikachagua kundi moja tu: wasichana wa miaka 14, dozi mbili, miezi sita katikati. Kwenye karatasi ni mpango safi. Kwa maisha ya kijijini, miaka 14 ndio umri mgumu kuliko yote. Mmoja amemaliza la saba anasubiri matokeo, mwingine ameingia sekondari ya bweni wilaya ya jirani, wa tatu amepelekwa mjini kufanya kazi za ndani, wa nne ameshachumbiwa. Ukimpata leo, baada ya miezi sita utamtafuta wapi? Dozi ya pili ikawa inasuasua, na lawama zikaelekezwa kwa wazazi.

Kilichookoa jahazi kilitoka Mwanza tena. Kuanzia mwaka 2017 wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu. Walitoa damu, walirudi kupimwa mwaka baada ya mwaka, na ikaonekana kwamba karibu wote waliopata dozi moja walikuwa bado na kinga dhidi ya aina ya 16 na ya 18 baada ya miaka miwili. Kenya nako, wanawake vijana 2,275 wa Kisumu, Thika na Nairobi walishiriki utafiti mwingine, na dozi moja ikaonyesha uwezo wa kuzuia maambukizi ya aina hizo mbili kwa asilimia 97.5 katika miezi 18 ya mwanzo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake: dozi moja inatosha kwa wasichana. Aprili 2024 Tanzania ikahamia dozi moja na kuendesha kampeni iliyolenga wasichana wapatao milioni 4.8 wa miaka 9 hadi 14.

Ni ajabu kwamba habari hii haisimuliwi kwenye mikutano ya vijiji. Mzazi anayesema chanjo hii imeletwa kujaribiwa kwa watoto wetu angepaswa kusikia hadithi kamili: ndiyo, mabinti wa Kisukuma walishiriki utafiti, na kwa mchango wao msichana wa nchi nyingine leo anaweza kuchomwa sindano moja badala ya tatu. Na yule anayeuliza mbona Wazungu hawawachanji watoto wao ajibiwe kwamba wao ndio walioanza, tangu mwaka 2006 huko Marekani na 2008 huko Uingereza.

Hofu ya ugumba

Uvumi upo, sikatai. Ulio mkubwa ni mmoja: kwamba sindano hii inafunga kizazi. Mwingine wote ni watoto wake. Mara ni uzazi wa mpango wa kificho, mara ni njama ya kupunguza Waafrika, mara ni chanjo ya korona iliyobadilishwa jina.

Kabla ya kuucheka, tuangalie hofu hiyo imekaa wapi. Katika nyumba nyingi za vijijini binti asiyezaa hana pa kushika. Mahari yake ililipwa kwa ng'ombe, na mume anaweza kumrudisha kwao, wakwe wakadai mahari yao. Mjini anaweza kujitetea kwa kazi yake; kijijini kazi yake ni shamba la mume. Baba anayekataa binti yake achanjwe kwa kuogopa ugumba anamlinda, kwa jinsi anavyojua, na hatari kubwa kuliko zote anazoziona mbele ya mtoto huyo. Saratani itakayokuja baada ya miaka 20 haimo katika hesabu yake. Kumwambia tu kwamba ni uvumi, apuuze, ni kumwambia apuuze mustakabali wa bintiye.

Kumbukumbu nazo zina nguvu. Mwaka 2008 mkoani Morogoro wanafunzi waligawiwa dawa za kichocho na minyoo shuleni. Dawa ya kichocho ikimezwa kwenye tumbo tupu husumbua, na watoto wengi hawakuwa wamekula. Wakaanza kutapika na kuona kizunguzungu, habari zikasambaa kwamba wamekufa, na wazazi wakavamia shule. Zikatokea vurugu. Dawa ilikuwa salama. Kilichokosekana kilikuwa uji wa asubuhi na maelezo kwa wazazi siku moja kabla. Kisha ikaja korona. Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alitilia shaka hadharani chanjo za kutoka nje. Julai mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera. Mwanakijiji mwenye redio alisikia yote mawili ndani ya miezi sita kutoka ofisi moja. Akibaki na mashaka kidogo, tumlaumu kwa lipi?

Kwa jirani zetu wa Kenya, mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyolenga wanawake ilikuwa na kitu cha kuzuia mimba. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikanusha. Miaka mitano baadaye, Kenya ilipoanza kuchanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya HPV, mabishano yale yaliibuliwa upya, na simu za mkononi hazijui mpaka wa Namanga wala wa Sirari.

Wala hofu hii si ya vijijini, wala ya Afrika. Japani, nchi ya treni za kasi na vyuo vikuu, ilisitisha kuihimiza chanjo hii mwaka 2013 baada ya vyombo vya habari kuonyesha wasichana waliolalamika maumivu. Uchanjaji ukaporomoka kutoka takribani asilimia 70 hadi chini ya asilimia 1, na serikali ilianza kuihimiza tena mwaka 2022. Yeyote anayedhani elimu ya darasani peke yake huondoa woga akawaulize Wajapani.

Ushahidi dhidi ya ugumba upo na unaelezeka bila maneno makubwa. Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuchanja kitaifa, mwaka 2011, ikawafikia zaidi ya asilimia 90 ya wasichana wa darasa la sita. Wale wa Misungwi waliozaliwa 1998 nao wameshakuwa wanawake wazima. Kama sindano hii ingekuwa inafunga kizazi, leo wodi za wazazi za Kigali na Mwanza zingekuwa zimeshatuambia. Kwa upande wa faida, watafiti wa Sweden mwaka 2020 walionyesha kwamba waliochanjwa kabla ya kufika miaka 17 walipata saratani hii kwa asilimia 88 pungufu ya wasiochanjwa. Scotland mwaka 2024 iliripoti kwamba miongoni mwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 hakupatikana mgonjwa hata mmoja.

Siku ya chanjo shuleni ndiyo siku ya kushinda au kushindwa. Nesi hufika kwa bodaboda, boksi la chanjo limefungwa nyuma, ndani vichupa vimezungukwa na pakiti za barafu, kwa kuwa dawa hii lazima ikae kati ya nyuzi joto 2 na 8, isigande wala isipate moto. Meza iko chini ya mwembe au kwenye chumba kisicho na kipindi. Mwalimu wa afya ana daftari la majina. Msichana anapandisha mkono wa shati la shule, sindano inaingia begani, pamba inabonyezwa, anaambiwa akae kwenye benchi kama dakika 15. Dakika hizo 15 si za mapambo. Wapo wanaoona kizunguzungu, hasa waliotoka nyumbani na njaa na waliokuwa wakiogopa tangu usiku. Akianguka mmoja, wa pili akamwona na wa tatu akaanza kulia, habari itafika gulioni kabla nesi hajafunga daftari: wamekufa watatu. Mwaka 2014 mji mdogo wa El Carmen de Bolívar nchini Colombia ulipata mamia ya wasichana waliozimia hivyo. Uchunguzi haukukuta kosa kwenye chanjo, lakini uchanjaji wa nchi nzima ulianguka na haukuinuka kwa miaka.

Kwa hiyo uji wa asubuhi, benchi kivulini, na mama wawili watatu walioalikwa kukaa hapo wakiangalia, vina thamani kubwa kuliko mabango kumi ya barabarani.

Aibu iliyobandikwa ukutani

Hapa nina ugomvi na wataalamu wetu. Ingia zahanati nyingi, soma kipeperushi cha saratani ya mlango wa kizazi. Orodha ya visababishi huanza hivi: kuanza ngono mapema, kuwa na wapenzi wengi. Kitaalamu si uongo. Lakini weka kipeperushi hicho mikononi mwa mwanamke wa miaka 45 aliyeolewa akiwa na miaka 17 na ambaye hajawahi kumjua mwanamume mwingine. Akigundulika na ugonjwa huu, jirani zake wameshafundishwa na serikali yao namna ya kumhukumu.

Ukweli ni kwamba karibu kila mtu anayefanya ngono hupata HPV wakati fulani wa maisha yake. Kwa walio wengi mwili hukifukuza kirusi wenyewe ndani ya miaka miwili. Kwa wachache kinabaki, na huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuza chembe za mlango wa kizazi kuwa saratani. Kwa wenye kinga dhaifu, miaka 5 hadi 10. Mwanamke anaweza kukipata kwa mumewe wa ndoa, ambaye alikipata kabla hajamuoa, na mume mwenyewe asione dalili hata moja mpaka anazeeka. Kipeperushi kingeanza na hilo, na orodha ya ngono ikasogezwa chini au ikaondoka kabisa, wengi wangekuja kupima.

Aibu hiyohiyo ndiyo inayowafanya wazazi wengine waone chanjo kama ruhusa. Kwamba kumchanja binti wa miaka 10 dhidi ya kirusi cha ngono ni kumfungulia mlango. Kwa mzazi wa namna hiyo, sheikh au mchungaji anayesimama baada ya ibada na kusema kwamba binti zake mwenyewe wamechanjwa hufanya kazi ambayo daktari hawezi. Nesi naye anaweza kusema jambo moja rahisi: umri huu umechaguliwa kwa sababu chanjo hukinga kabla ya maambukizi, haitibu baada yake, na mwili wa mtoto wa miaka 9 hadi 14 huijibu vizuri zaidi kuliko wa mtu mzima. Pepopunda nayo tunaichanjia kabla ya msumari.

Na mama je?

Katika mabishano yote ya chanjo, kuna mtu anasahaulika, naye ndiye atakayekufa kwanza. Ni mama wa binti. Chanjo ya leo itaonyesha faida yake kwa wingi baada ya miaka 20 au 30. Mwanamke mwenye miaka 35 sasa haimhusu sana. Kwake kinga ni kupimwa. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuitokomeza saratani hii, uliozinduliwa Novemba 2020, una malengo matatu ya kufikia mwaka 2030: asilimia 90 ya wasichana wachanjwe kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe wakiwa na miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Lengo la kwanza lina kampeni, magari na fulana. La pili vijijini halina hata tangazo.

Kipimo chenyewe ni chepesi mno kwa jambo zito hivyo. Mwanamke hulala kitandani, magoti yameinuliwa, kanga imemfunika. Nesi huingiza kifaa cha kufungulia njia, kile chenye umbo la mdomo wa bata, akaelekeza taa. Huchovya pamba kwenye siki iliyozimuliwa, akapaka mlango wa kizazi, akasubiri dakika moja. Sehemu yenye dalili za awali hugeuka nyeupe. Hiyo si saratani bado. Ni chembe zilizoanza kubadilika ambazo zikiachwa miaka mingi zinaweza kufika huko. Mara nyingi hutibiwa hapohapo, kwa kugandisha kwa gesi au kuchoma kwa joto kwa kifaa kidogo kinachoweza kutumia betri. Ni dakika chache, bila kulazwa, bila kisu, na kizazi kinabaki mahali pake. Siki tu. Wengi wakielezwa hivyo hawaamini kwamba ndicho walichokuwa wakikiogopa.

Wanaogopa nini? Kifaa cha chuma. Nesi wa kiume. Nesi wa kike ambaye ni shemeji. Chumba chenye pazia fupi. Kwamba ukipimwa unatolewa kizazi. Na kwa kuwa huduma hii imeenea zaidi kupitia CTC, yaani kliniki za wanaoishi na VVU, kwa sababu nzuri kabisa ya kwamba wanawake wenye VVU wana hatari mara sita zaidi ya wengine, wapo wanaohofia kwamba kuonekana kwenye foleni ya siki ni kujitangaza. Anayetoka damu nje ya siku zake au baada ya tendo la ndoa, au mwenye maji yenye harufu, huambiwa kwanza kwamba ni chango. Anakwenda kwa mganga wa mitishamba, anakunywa dawa miezi kadhaa, anapata nafuu ya muda kisha inarudi. Anapofika hospitali ya wilaya, mbuzi wameshauzwa na ugonjwa umeshapanda. Mganga huyo wa mitishamba angeweza kufundishwa dalili tatu tu za kumrudisha mgonjwa zahanati siku hiyohiyo, na sioni aibu yoyote kwa serikali kukaa naye mkeka mmoja.

Pale ambapo aibu ya kulala kitandani ndiyo kikwazo, dunia imeshapata njia nyingine. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha vinasaba vya HPV, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani, kwa kijiti chenye pamba. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu katika hospitali zetu nyingi za wilaya zina uwezo wa kupima hicho pia. Kinachotakiwa ni vifaa vya kipimo na uamuzi.

Na baba asiachwe nje ya mlango. Vijijini mama wengi hawaendi kupimwa jambo la kizazi bila mume kujua, na mume anayesikia habari hizo kwa mara ya kwanza siku mkewe anapoaga atasema subiri. Mkutano wa kijiji, kilabu cha pombe, ushirika wa pamba, foleni ya mizani: huko ndiko waliko akina baba. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua mfugaji huyu anaamka saa ngapi atamfikia vizuri zaidi kuliko gari lenye spika.

Mapendekezo yangu hayagharimu sana. Timu ya chanjo inapokuja shuleni, iwe na nesi wa pili na chumba cha siki kwenye zahanati ya jirani siku hiyohiyo, na barua kwa wazazi iwaalike mama zao. Wasichana waorodheshwe kwa darasa, kisha mhudumu wa jamii azungukie nyumba za wasiosoma na waliokuwa watoro. Siku ichaguliwe baada ya mavuno, isigongane na gulio. Na swali la wavulana lijibiwe kwenye mkutano wa kwanza, na mtu anayeweza kutamka neno bajeti bila kuona haya.

Kwa binti wa miaka 9 hadi 14 ni sindano moja. Kwa mama yake, hasa aliyetimiza miaka 30, au 25 kama anaishi na VVU, ni dakika chache na pamba yenye siki, na vituo vingi vya umma havitozi kitu. Kama zahanati ya kijijini kwenu haina huduma hiyo, mwulizeni mtendaji kwenye mkutano ujao itafika lini, na hakikisheni jibu lake linaandikwa kwenye muhtasari.